Mulei wa Pwani na Safari ya Siku Mbili

Ukija Tawa siku isiyo ya soko, usiulize kijiwe kiko wapi, fuata kelele. Utatukuta mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, mkabala na posho mill, kinu cha kusagia unga, kwenye benchi la mbao ambalo miguu yake mitatu ni mti na wa nne ni jiwe. Jina langu la hapo ni Soli. Watu wa milima hii tunalima kahawa na kunywa chai, lakini kijiwe chetu hunywa kahawa, kwa sababu Jonah hukaanga ya shamba lake mwenyewe kwenye sufuria iliyotoboka, akaitwanga na mchanga kidogo, akaichemsha mpaka ikose tabia. Hakuna aliyewahi kuomba kikombe cha pili kwa kupenda. Tunakunywa ili tuwe na sababu ya kukaa. Jonah huyo tunamwita Nahodha, kwa vile mafuriko ya sitini na moja alivuka mto Kaiti akiwa amekalia mlango wa nyumba yake. Wa pili ni Mzee Mutie, aliyekuwa karani wa chifu mpaka chifu akachoka naye. Huyo ni Karani. Wa tatu ni Kang'ethe, aliyekuja kutoka upande wa Murang'a na lori la viazi akasahau kurudi. Viazi kwao ni waru, na Waru ndilo jina lake.

Alhamisi hiyo ya Agosti, mwaka wa themanini na sita, habari ilikuwa moja tu. Kikundi cha mwethya, yaani cha kazi za pamoja, cha Kyeni, ambacho wake zetu wote wamo, kilikuwa kimelima matuta na kusuka vyondo miaka miwili, na sasa kimeamua kupumzika. Kupumzika wapi? Mombasa! Wanawake kumi na wanane wapande basi Jumamosi alfajiri, waone Fort Jesus, waone Mji wa Kale, waione bahari, walale kanisani, warudi Jumapili. Sisi waume tulikataa siku hiyo hiyo. Lakini Nthenya, mke wa Mulei fundi wa nguo, ambaye sote tunamwita Mama Mutunga, alitukumbusha kwamba bwana yake alikaa Mombasa kabla ya kuoa, na kwamba ataongozana nao. Tukalegea. Karani akaandika kibali, nami nikachonga muhuri kwa kipande cha raba ya ndara, kwa kuwa barua bila muhuri Karani huiita uvumi.

Sasa huyo Mulei. Kijiweni anaitwa Mulei wa Pwani. Jua likiwaka anasema hili si joto, joto liko Mombasa. Samaki wa kopo akifunguliwa dukani, yeye anafunga macho na kuvuta pumzi. Siku hiyo alikuja bila maneno, akakaa, akapokea kikombe, akakinywa chote bila kulalamika. Hapo nikajua kuna msiba.

Mulei: Wazee, nina neno.

Karani: Sema. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Mulei: Mimi sijawahi kufika Mombasa.

Kwa mara ya kwanza tangu nifungue kibanda, niliisikia posho mill vizuri.

Nahodha: Kyau? Nini?

Mulei: Sijafika. Nilikuwa Voi. Shamba ya mkonge. Nilikuwa nashona magunia mwaka mmoja na nusu.

Waru: Na ile hadithi ya papa alikula kofia yako?

Mulei: Kofia ilipeperushwa na upepo ya treni. Treni ilikuwa inaenda Mombasa.

Karani: Basi kofia ilifika.

Mulei: Kofia pengine ilifika. Mimi nilibaki.

Nahodha: Sasa uongo ya nini, Mulei?

Mulei: Nthenya alikuwa anatakwa na mwalimu. Mwalimu ako na baiskeli, ako na tai. Mimi niende niseme nini? Ati nimetoka Voi kushona magunia? Nikafungua mdomo, Mombasa ikatoka. Nikasema tu ya siku moja, nitaiondoa baadaye. Sasa ni miaka ishirini na moja.

Karani: Njia ya mwongo ni fupi.

Waru: Fupi wapi? Kutoka hapa mpaka Mombasa ni siku nzima.

Mulei hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili na macho yake yalikuwa mekundu.

Mulei: Mama Mutunga alisimama kanisani mbele ya watu. Akasema, "Msiogope mji, bwana yangu atatushika mkono." Sasa nifike pale nianze kuuliza njia kama mbuzi imepotea? Haitakuwa aibu yangu, wazee. Mimi nimezoea. Itakuwa aibu yake. Watamcheka mpaka azikwe. Na huyu mama hajawahi kuniaibisha hata siku moja.

Nilimhurumia kabisa. Nilimkasirikia vilevile, kwa sababu mke wangu Mutindi nilimruhusu kwa kumwamini yeye.

Karani: Kwa hivyo kibali changu ni batili. Safari imefutwa.

Mimi: Sawa. Nenda umwambie Kalondu.

Kalondu ni mke wa Karani. Ana magoti mabaya na sauti nzima.

Karani: Kwa nini nianze na Kalondu? Kuna kumi na wanane.

Nahodha: Kwa sababu wewe ndio uliandika.

Karani: Kalondu amefunga mzigo tangu Jumatatu. Amefunga, akafungua, akafunga tena. Mimi nikisema safari imefutwa, nitahamia hapa kwa Soli.

Mimi: Hapa hakuna nafasi.

Mulei: Basi mmoja wenu aende badala yangu. Si nyinyi wote mnajua Mombasa?

Hapo tuliangaliana. Ni kweli kila mmoja wetu alikuwa amewahi kusema hivyo, kwa siku yake.

Nahodha: Mimi ningeenda, lakini huu mguu hautaki mteremko, na Mombasa yote ni mteremko kutoka hapa.

Waru: Mimi nina kabichi. Kabichi haingoji mtu.

Karani: Mimi nikitoka Tawa, nani atajua kilichotokea Tawa?

Mimi nikasema nina viatu vya watu. Ilikuwa kweli, jozi tatu.

Nahodha: Lakini tutakufundisha! Leo Alhamisi. Kesho yote iko. Mombasa naijua kama huu mkono yangu.

Waru: Huo una vidole vinne.

Nahodha: Ndio nasema naijua. Najua mpaka ile haiko.

Basi Karani akasimama, akasafisha mavumbi kwa kiatu, akachora duara kubwa kwa bakora akasema hicho ni kisiwa. Mulei akatoa chaki yake ya kukatia nguo na kipande cha khaki, tayari kuandika.

Nahodha: Kwanza bahari. Mfike asubuhi, kwa sababu mchana inakauka.

Mulei: Inakauka?

Nahodha: Kabisa! Kama Kaiti mwezi wa tisa. Nilisimama hivi, maji iko hapa kwa kiuno. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Waru: Ndani ya maji?

Nahodha: Nikatoka kwanza, bwana. Nikafunga. Kuinua macho, mchanga! Mashua zimelala kwa tumbo. Maji imeenda kule mbali, inaonekana tu kama laini. Sasa mimi nikafanya vile mtu mwenye akili hufanya. Nikachimba.

Sote tukatikisa vichwa kukubali. Kwetu mto ukikauka hatulii. Unapiga magoti katikati ya mchanga, unachimba kwa kibuyu, na maji yako pale chini yanakungoja. Hilo hata mtoto wa miaka mitano analijua.

Nahodha: Nikachimba mpaka bega. Watu ya huko wamesimama wananiangalia, hawajawahi kuona mtu akitafuta maji. Ikatoka. Nikakinga na mkono, nikakunywa. Chumvi!

Mulei: Hiyo ya chumvi nimesikia.

Nahodha: Umesikia, lakini hujaambiwa sababu. Hiyo chumvi imewekwa. Kuna mtu huko ako na ng'ombe na hataki yetu ikunywe.

Karani: Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini hayo yanazoleka kila siku, kwa sababu yanarudi jioni. Jambo hili lilipita ofisini kwetu. Ni zamu.

Waru: Zamu ya nani?

Karani: Upande ule mwingine kuna India. Maji ni mamoja, watu ni wengi. Asubuhi yanafunguliwa Mombasa, mchana yanafunguliwa India. Kama mfereji wa zahanati hapa: Jumanne juu, Ijumaa chini.

Waru: Na funguo iko na nani?

Karani: Mkoloni alikuwa nayo. Alipoondoka hakuandika amemwachia nani. Faili haikutufikia.

Mimi: Na siku wakisahau kufungulia?

Karani: Unafikiri zile meli kubwa zinakaa bandarini wiki nzima zikingoja nini?

Ikapitishwa kwamba kila mama abebe jerikeni ya maji kutoka nyumbani, na majembe mawili ya kikundi yawekwe juu ya basi. Mulei akaandika: Bahari asubuhi. Jembe mbili. Usinywe.

Waru: Twende Fort Jesus. Hapo ndio maswali itakuwa mingi. Bibi yangu Waringa ameniuliza juzi kama watu wanavua viatu.

Karani: Wanavua.

Nina kalenda kibandani, ya mwaka wa themanini na mbili, yenye picha ya hiyo ngome. Niliichungulia.

Mimi: Kwa picha watu wamevaa viatu.

Karani: Hao ni watalii. Wamezoewa.

Waru: Lakini kama ni nyumba ya Yesu, mizinga ni ya nini?

Karani: Petro alikuwa na upanga. Silaha zimeendelea.

Nahodha: Ngojeni. Hiyo kitu ilijengwa na Wareno. Na Wareno ni Wakatoliki. Mama zetu ni Waprotestanti, wengine wameokoka mara mbili. Wataingiaje?

Mulei alishtuka mpaka chaki ikavunjika.

Mulei: Kwani hawawezi kuingia?

Karani: Wanaingia. Lakini wanaingia kwa ubavu, na hawaimbi. Mchungaji akiwauliza, waseme waliangalia ukuta.

Nahodha: Na wasiguse ukuta.

Karani: Wakigusa, waguse na kiwiko.

Mulei akaandika: Ubavu. Kiwiko. Hakuna wimbo.

Sasa nikaanza kuogopa kidogo, kwa kuwa nilijua Mutindi wangu hawezi kupita mahali pazuri bila kuimba. Lakini kijiwe kikishashika njia hakirudi nyuma, na kahawa ilikuwa bado iko.

Waru: Ukitoka hapo ni Mji wa Kale. Ile njia yake ni nyembamba! Watu wawili wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma mpaka kwao.

Mimi: Na kama wote wametoka mbali?

Waru: Wanaoana hapo hapo. Kwani ulifikiri kwa nini watu ya pale wote ni jamaa?

Nahodha: Sasa mama kumi na wanane watapitaje? Wakikutana na harusi?

Karani: Kamba. Mnafunga kamba moja, kila mama anashika, Mulei mbele, kama ndama wakienda kuogeshwa dawa. Haba na haba hujaza kibaba.

Nahodha: Kamba ya aina gani?

Mulei: Ya mkonge.

Alisema bila kusita, na akaketi wima. Alitueleza mkonge unavyoloekwa, unavyokwanguliwa, unavyosokotwa ili usikate mkono. Dakika hizo mbili alikuwa mtu anayejua jambo, na nilitamani Mombasa yote ingekuwa ya mkonge.

Waru: Na milango. Ukiona milango ya pale, utalia. Mbao imechongwa maua, imechongwa nyota, imechongwa minyororo.

Nahodha: Imechongwa na nani?

Waru: Mimi nitajuaje?

Nahodha: Fikiri. Kenya hii, mtu akiona kitu ya mbao imechongwa, ni ya kabila gani kama si yetu?

Karani akavua miwani polepole, na nikajua sasa tunaondoka nchi kavu.

Karani: Babu zetu walikuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka Mombasa kabla reli haijazaliwa. Hilo limeandikwa. Safari ya wiki mbili, tatu, kwa miguu. Wakafika. Wamechoka. Hakuna mahali pa kulala. Mtu wetu akichoka na hana nyumba, anafanya nini?

Nahodha: Anajenga.

Karani: Wakajenga Mombasa.

Waru: Mombasa yote?

Karani: Kwanza kibanda kimoja. Halafu wenzao wa nyuma wakafika, wakajenga cha pili wakiegemeza kwa cha kwanza. Ndiyo sababu njia ni nyembamba: hakuna aliyepanga kukaa. Mvua ikanyesha huku, wakakumbuka mtama haujapandwa. Wakafunga milango, wakamwachia jirani ufunguo, wakarudi.

Nahodha: Na jirani hajarudisha.

Karani: Mpaka leo.

Waru: Sasa na sisi watu wa Murang'a, hatukujenga kitu?

Aliuliza kwa unyonge, na Karani ana moyo mzuri akitaka.

Karani: Nyinyi mlileta chakula. Ile ngome ilikuwa ghala la viazi.

Waru: Ai! Ndio mizinga! Ni ya kufukuza wezi wa waru!

Karani: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji ni sisi. Kwa hivyo wao ndio wapone.

Hakuna aliyeelewa, lakini Karani alikuwa tayari ametoa karatasi. Aliandika akisoma kwa sauti, na mimi naikumbuka neno kwa neno: "Kwa yeyote anayehusika na Mombasa. Wenye mji watafika Jumamosi saa kumi, wakiwa wanawake kumi na wanane na mwanaume mmoja. Hawaji kuuza kitu wala kudai kodi ya nyuma. Tafadhali fungueni milango, na zamu ya maji ibaki upande wetu mpaka watakapoondoka." Nikatoa muhuri wa raba, nikaupaka rangi ya viatu, nikaugonga chini.

Mulei aliishika barua, akatazama khaki yake iliyojaa chaki, akaanza kurudia masomo kwa sauti ya chini: bahari asubuhi, zamu ya India mchana, ubavu, kiwiko, kamba, jirani, viazi. Uso wake ulianza kufunguka. Alikuwa anaanza kuamini, na hilo lilinitia hofu kuliko yote yaliyosemwa.

Mulei: Wazee, mmenisaidia. Sasa naweza kuingia huo mji kama...

Nahodha: Eka! Nyamaza. Anakuja.

Mama Mutunga alikuwa anavuka barabara kutoka posho mill, unga kichwani, kitambaa cha kikundi kichwani vilevile, chini ya unga. Ni mwanamke mfupi asiyekuwa na haraka. Nahodha alifuta kisiwa chote kwa mguu wake mbovu.

Mama Mutunga: Hamjambo, wazee.

Sisi: Hatujambo, mwaitu, mama yetu.

Mama Mutunga: Sitakaa. Nimetumwa na Kalondu.

Karani: Kalondu ni bibi yangu. Mbona asiniulize mimi?

Mama Mutunga: Alisema utamjibu na barua.

Akashusha unga, akauweka kwenye benchi, akamgeukia mumewe.

Mama Mutunga: Baba Mutunga, Kalondu na yale magoti yake anataka kuingiza miguu baharini. Anauliza kama ataweza. Ile maji ya bahari, ukiingiza mguu, ni moto ama ni baridi?

Mulei akafungua mdomo. Akaangalia khaki. Jambo hilo halikuwa limeandikwa. Akamwangalia Nahodha.

Nahodha: Inategemea... inategemea ni zamu ya nani.

Mama Mutunga: Wewe uliingiza mguu, Nahodha?

Nahodha alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Sijui kilichomshinda. Labda ni vile mama huyo alivyouliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Nahodha: Ilikuwa shemeji yangu, mwaitu. Mimi alinihadithia.

Mama Mutunga: Waru?

Waru: Lori iliharibika Mariakani, kabla ya kufika Mombasa. Nikauza viazi hapo hapo, nikarudi. Lakini Mariakani naijua sana.

Karani alikuwa ameichukua barua yake kwa Mulei, anaisoma upya, kana kwamba jibu lingekuwa ndani. Mimi nilitazama kalenda. Maji yalikuwepo kwenye picha, ya bluu, lakini picha haina moto wala baridi. Saa moja na nusu tulikuwa tumeigawa ile bahari, tukaikausha, tukaifungulia, tukaipeleka India, na hakuna kati yetu aliyejua ikigusa mguu inahisi vipi. Nilisikia aibu, nasema ukweli, na si mara nyingi nasikia.

Mulei akasimama.

Mulei: Sijui, Mama Mutunga. Sijawahi kufika Mombasa. Nilikuwa Voi, nikishona magunia. Miaka hii yote nimekudanganya, na Jumamosi utachekwa kwa sababu yangu. Nenda uwaambie mama wote safari hakuna. Waambie ni mimi.

Mama Mutunga akaketi, yeye aliyesema hatakaa, karibu na unga wake.

Mama Mutunga: Ni vuguvugu. Kama maji ya kuogesha mtoto.

Karani: Wewe umejuaje?

Mama Mutunga: Mjomba wangu alikuwa mpishi wa Mhindi mmoja pale Mji wa Kale. Nilikaa nao miaka mitatu nikilea watoto. Kila jioni tulishuka kwa ngazi za mawe, tukaingiza miguu. Halafu nikarudi kwetu Kanyangi, na huyu akanipata huko.

Mulei: Miaka mitatu? Na hukusema?

Mama Mutunga: Uliniuliza? Ulikuja kunichumbia ukaanza kunieleza Mombasa, na hujamaliza mpaka leo. Ulisema bahari ni baridi kama kisima, nikajua huyu hajaiona hata kwa mbali. Ulikuwa unatetemeka mpaka kikombe kinalia. Nikasema moyoni, mwanaume ambaye hajui kudanganya hivi, nitakaa naye salama.

Mulei: Lakini ungeniambia hata baada ya harusi.

Mama Mutunga: Ulikuwa na furaha. Na nyumba moja haiwezi kukaa watu wawili wametoka Mombasa. Mmoja lazima awe msikilizaji.

Akakaza kitambaa chake, akaendelea.

Mama Mutunga: Lakini nimeikumbuka hiyo maji, Baba Mutunga. Miaka ishirini na moja nimeitamani. Nikiwaambia hawa wazee kwamba mimi ndiye najua njia, nani angeruhusu bibi yake aongozwe na mwanamke? Wewe, Mzee Karani, ungeandika kibali?

Karani alitafuta methali. Nilimwona akiitafuta. Haikuja.

Mama Mutunga: Basi sasa mmejua. Mkitaka kughairi, ghairini. Lakini watu watauliza kwa nini, na nitasimama kanisani Jumapili kuwaeleza. Nitaanza na shemeji ya Nahodha.

Nahodha: Aa, mwaitu! Kwani nani amesema kughairi? Soli, wewe umesema?

Mimi: Sijasema kitu.

Waru: Waringa aende. Aende tu.

Tulimtazama Karani. Akaikunja barua yake mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti, na kusema kwamba kibali bado ni halali, kwa vile muhuri haujakauka.

Mulei: Na mimi? Mimi sasa nibaki?

Mama Mutunga: Ubaki wapi? Nilisema mbele ya kanisa kwamba utatushika mkono. Utatembea mbele, uvae lile koti la harusi. Mimi nitakuwa nyuma yako. Nikikohoa mara moja, unageuka kushoto. Mara mbili, kulia. Ukinisikia nimenyamaza, nyoosha tu.

Mulei: Na wakiniuliza maswali?

Mama Mutunga: Sema, "Hebu kwanza tuangalie." Mtu wa Mombasa hujibu hivyo hivyo.

Akajitwika unga. Mulei akapangusa macho kwa ile khaki yenye chaki, na masomo yetu yote yakabaki usoni kwake, meupe.

Mama Mutunga: Haya, tangulia. Tujaribu.

Mulei akatangulia, mabega juu, mikono nyuma. Nahodha akainua sufuria kutumiminia, haikuwa na kitu, na hakuna aliyemlaumu. Tulikuwa tunawatazama. Mulei alifika pembe ya posho mill, pale njia inapogawanyika, akasimama akingoja. Nyuma yake mkewe akakohoa mara moja. Na Mulei, ambaye amepita hapo kila siku ya maisha yake ya ndoa, akageuka kushoto kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeingia mji kwa mara ya kwanza.